Dansi ya Wanaosazwa: Santuri ya "Pateando piedras" na Ahadi ya Shule Nchini Chile

UTANGULIZI

Babu zetu waliocheza dansi katika miaka ya 1940 na 1950, tangu miji ya Kongo hadi miji ya pwani, walizizoea nyimbo za Kihispania. Santuri za Kuba zilizojulikana kwa herufi G.V. ziliuzwa katika nchi zetu, zikapigwa kwa gramafoni katika baa na majumbani, na waimbaji wa bendi zetu wakaiga mahadhi yake na hata maneno yake, ingawa wengi wao hawakuyaelewa. Wachezaji nao hawakuyauliza maana. Miguu ilitosheka na mdundo, na maneno yakaachwa yapite.

Madhumuni ya makala haya ni kuyasikiliza maneno ya santuri moja ya Kihispania iliyotoka mbali zaidi ya Kuba, nayo ni "Pateando piedras" ya bendi ya Los Prisioneros, yaani Wafungwa, iliyotolewa mjini Santiago, nchini Chile, mwezi Septemba 1986. Ni muziki wa vijana, wenye vinanda vya umeme na ngoma za mashine, na huenda msomaji akajiuliza jarida la walimu wa Kiswahili linatafuta nini humo. Jibu letu ni kwamba wimbo mkuu wa santuri hiyo unahusu shule. Unawahusu vijana waliosoma, wakamaliza, wakatoka nje ya lango, wasikute kitu. Kila mmoja wetu aliyewahi kusimama mbele ya darasa la mwisho na kuwaambia wanafunzi wajitahidi kwa sababu maisha mema yanawangoja, ameguswa na wimbo huo hata kama hajausikia.

Twataka kueleza mambo matatu: jinsi santuri hiyo ilivyozaliwa, jinsi jina la wimbo wake mkuu linavyoweza kutafsiriwa kwa Kiswahili, na kwa nini wimbo huo uliimbwa tena barabarani na umati mkubwa baada ya miaka thelathini na mitatu.

NCHI NA WAKATI WAKE

Yafaa kwanza tukumbuke historia. Chile ni nchi ndefu na nyembamba iliyobanwa baina ya milima ya Andes na bahari ya Pasifiki. Mwaka 1970 wananchi walimchagua Salvador Allende kuwa rais kwa kura halali. Tarehe 11 Septemba 1973 jeshi liliipindua serikali yake, naye akafa siku hiyo hiyo katika ikulu iliyokuwa ikipigwa mabomu. Jenerali Augusto Pinochet alishika hatamu na kuzishikilia mpaka tarehe 11 Machi 1990. Katika muda huo watu zaidi ya 3,000 waliuawa au walitoweka, na maelfu kwa maelfu waliteswa au walikimbilia nchi za nje.

Muziki nao ulipigwa vita. Kabla ya mapinduzi palikuwa na kundi la waimbaji waliotumia ala za asili za wenyeji wa Andes kuimba habari za wakulima na wachimba migodi. Mmoja wao, Víctor Jara, alikamatwa katika chuo kikuu alikokuwa akifanya kazi, akapelekwa pamoja na maelfu ya wengine katika ukumbi wa michezo ulioitwa Estadio Chile, na akauawa mwezi huo huo wa Septemba 1973. Bendi za Inti-Illimani na Quilapayún, zilizokuwa safarini Ulaya wakati wa mapinduzi, zilibaki uhamishoni kwa miaka mingi. Hivyo kijana aliyekua baada ya 1973 alikulia katika nchi ambayo waimbaji wake mashuhuri hawakusikika redioni.

Serikali ya kijeshi ilibadili pia misingi ya uchumi. Wachumi waliosomea Chicago walishauri ushuru wa forodha upunguzwe sana na mambo mengi yaachiwe soko. Bidhaa za kigeni zilifurika, na viwanda vingi vya nyumbani vikashindwa kushindana. Mwaka 1982 uchumi ulianguka vibaya, na pato la taifa likapungua kwa asilimia 14 hivi. Serikali ilianzisha kazi za dharura ambazo watu walilipwa ujira mdogo mno wakifagia barabara na kutunza bustani za miji. Kuanzia tarehe 11 Mei 1983 wananchi walianza kufanya siku za maandamano, na usiku waligonga masufuria katika nyumba zao ili wasikike bila ya kuonekana.

Elimu haikusalimika. Kuanzia 1981 shule za serikali zilihamishwa kutoka Wizara ya Elimu na kukabidhiwa mabaraza ya miji na wilaya. Fedha zilitolewa kwa kadiri ya hesabu ya wanafunzi waliohudhuria, na shule za watu binafsi zikaruhusiwa kugombea fedha hizo hizo. Baraza la wilaya tajiri liliweza kuongeza fedha zake katika shule zake. Baraza la wilaya maskini halikuweza. Walimu walipoteza hadhi ya watumishi wa serikali kuu, na vyuo vikuu vikaanza kuwatoza wanafunzi karo. Ni dhahiri kwamba mpango huo, hata kama ulielezwa kwa lugha ya uhuru wa kuchagua, uliwapanga watoto kwa mujibu wa mifuko ya wazazi wao.

Walimu waliothubutu kusema walilipa gharama kubwa. Tarehe 29 Machi 1985 Manuel Guerrero, mwalimu na kiongozi katika chama cha walimu kilichoitwa AGECH, alitekwa nyara mbele ya shule mjini Santiago asubuhi pamoja na José Manuel Parada. Kesho yake maiti zao, na ya Santiago Nattino, zilikutwa kando ya barabara zikiwa zimekatwa koo. Uchunguzi ulionyesha kwamba waliofanya hayo walikuwa askari polisi. Twalitaja jambo hili si kwa ajili ya kutia chumvi. Twataka msomaji aelewe kwamba, katika Santiago ya miaka ile, kusema jambo la kweli kuhusu shule hakukuwa mchezo.

WANAFUNZI WATATU WA SAN MIGUEL

Mwaka 1979 vijana watatu walikutana darasani katika shule ya sekondari ya Andrés Bello, katika wilaya ya San Miguel, kusini mwa katikati ya Santiago. Walikuwa Jorge González, Claudio Narea na Miguel Tapia. San Miguel ilikuwa wilaya ya wafanyakazi na watu wa kipato cha kadiri. Haikuwa mahali pa mabwanyenye, wala haikuwa mahali pa ufukara wa kupindukia. Vijana hao walikuwa watoto wa shule ya kawaida, wa aina ile ambayo walimu wengi twaifahamu, yenye sare, kengele, na madawati yaliyochongwa majina.

Walianza kwa mzaha, wakibuni nyimbo za kuchekesha na kubadilisha jina la kundi lao kila mara. Kwa jina la Los Prisioneros walisimama mbele ya hadhara kwa mara ya kwanza tarehe 1 Julai 1983, katika tamasha la nyimbo la shule moja ya San Miguel. González aliimba, akapiga gitaa la besi na kutunga nyimbo nyingi. Narea alishika gitaa. Tapia alipiga ngoma. Mwezi Desemba 1984, nchi ikiwa katika hali ya hatari, walitoa kaseti yao ya kwanza, "La voz de los '80", yaani Sauti ya Miaka ya 80. Toleo la kwanza lilikuwa la nakala 1,000 tu, nalo lilitolewa kwa jina la duka la santuri la familia ya Carlos Fonseca, meneja wao. Vijana walinakiliana kaseti hiyo mkono kwa mkono, na baada ya muda kampuni kubwa ya santuri ikaichukua bendi.

Hapa pana jambo la lugha ambalo mwalimu hawezi kulipita. Kwa miaka mingi vijana wa Amerika ya Kusini waliaminishwa kwamba roki ni muziki wa Kiingereza, na kwamba Kihispania kinafaa kwa nyimbo za mapenzi na za kitamaduni tu. Mambo yalianza kugeuka mwaka 1982, Ajentina ilipopigana na Uingereza kuhusu visiwa vya Malvinas. Redio za Ajentina ziliacha kupiga nyimbo za Kiingereza, zikalazimika kujaza saa zake kwa nyimbo za wenyeji, na ghafula ikaonekana kwamba roki ya Kihispania ilikuwapo na ilipendwa. Wimbi hilo lilivuka mipaka. Los Prisioneros walilipokea kwa namna yao: hawakuimba Kihispania cha vitabuni wala hawakulainisha lafudhi yao ili wapendwe na nchi nyingine. Waliimba Kihispania cha kijana wa San Miguel anayezungumza na mwenzake kituoni akingojea basi.

SANTURI YENYEWE

Tarehe 7 Septemba 1986 kikundi cha wapiganaji kilimvizia Pinochet njiani katika bonde la Maipo. Yeye alinusurika, walinzi wake watano waliuawa. Hali ya hatari ilitangazwa tena, majarida ya upinzani yakafungwa, na usiku uliofuata mwandishi wa habari José Carrasco alitolewa nyumbani kwake akauawa. Ni katika mwezi huo ndipo "Pateando piedras" ilipoingia madukani. Mwezi Novemba bendi iliizindua kwa maonyesho mawili katika ukumbi wa Estadio Chile, ule ule alimofungiwa Víctor Jara miaka kumi na mitatu nyuma, na ambao siku hizi una jina lake.

Santuri ina nyimbo kumi. Mtu aliyeizoea kaseti ya kwanza, yenye gitaa, besi na ngoma za kawaida, alishangaa. Safari hii vinanda vya umeme vimetangulia, na ngoma nyingi ni za mashine, zinazopiga kwa usawa usio na huruma. Baadhi ya watu walidhani kwamba vijana wameiga mitindo ya Uingereza. Ni kweli kwamba waliisikiliza mitindo hiyo. Lakini katika wimbo wa kwanza, "Muevan las industrias", unaohusu viwanda vilivyonyamaza na watu wasio na kazi, sauti hizo za chuma zina maana yake. Mashine zinalia ndani ya wimbo kwa sababu katika nchi zimezimwa. Ala na maneno vinasema jambo moja.

Nyimbo nyingine tutazigusa kwa ufupi. "¿Por qué no se van?" unawauliza wanaoidharau nchi yao na kuiota Ulaya mchana kutwa kwa nini basi wasiende zao. "¿Por qué los ricos?" unauliza matajiri wanapewa na nani haki ya kustarehe. "Una mujer que no llame la atención" unawadhihaki wanaume wanaotaka mke asiyeonekana wala kusikika. "Independencia cultural" unafunga santuri kwa kudai uhuru wa utamaduni. Bendi haikumtaja mtawala wala chama chochote katika santuri hiyo. Nyimbo zake ni za maswali, na swali ni vigumu kulishtaki mahakamani.

Wimbo wa tatu ndio uliobeba santuri nzima, nao waitwa "El baile de los que sobran". Unaanza kwa mbwa wakibweka, kama katika mtaa wa pembeni usiku, kisha gitaa la kawaida linaingia juu ya mdundo wa mashine. Ndio wimbo ulioipa santuri jina lake. "Pateando piedras" maana yake ni "kupiga mawe mateke", yaani mwendo wa kijana asiye na pa kwenda, anayetembea mtaani mikono mfukoni na kulisukuma kwa ncha ya kiatu jiwe lililo mbele yake.

Anayesimulia ni kijana aliyemaliza shule. Anakumbuka jinsi walivyohimizwa kusoma na jinsi walivyoambiwa kwamba watu ni ndugu na yawapasa kufanya kazi pamoja. Miaka ya shule anaisimulia kama michezo iliyokwisha. Wachache waliicheza wakaondoka na taji. Yeye na rafiki zake waliicheza wakarudishwa mtaani. Polepole anatambua kwamba nchi ilikuwa na madarasa ya aina mbili, na maarifa yaliyopimwa kwa mizani mbili. Hana bunduki wala bendera. Anawaita wenzake waje wacheze dansi, dansi ya wale ambao hakuna atakayetambua kwamba hawapo.

Lawama hiyo haimwangukii mwalimu mmoja mvivu au mkali. Yaliangukia yale maneno mema ambayo kila mwalimu huyasema. Ndiyo maana twaona wimbo huu unatuhusu kuliko nyimbo nyingi zinazosifu elimu.

TAFSIRI YA NENO MOJA

Sasa tuingie katika kazi yetu ya lugha. Msomaji wa Kiswahili ana bahati kwa Kihispania: lugha hiyo ina irabu tano kama yetu, na katika maneno yake mengi mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Maneno "pateando", "piedras", "baile" na "sobran" yote yana mkazo wa namna hiyo. Mwanafunzi wetu ataweza kuyasoma kwa sauti bila ya taabu kubwa. Taabu iko katika maana.

"El baile" ni dansi. "Los que" ni "wale amba-". Tatizo ni kitenzi "sobrar". Kihispania hukitumia kwa chakula kilichosalia mezani, kwa fedha iliyopita hesabu, kwa kiti kisicho na mtu wa kukikalia. Kitu kinachofanya hivyo ni kile ambacho, baada ya kila mtu kupata fungu lake, hakina kazi tena.

Tukisema "Dansi ya Waliobaki", tumepotea. Aliyebaki aweza kuwa shujaa aliyenusurika vitani, au mwenye nyumba ambaye hakusafiri. Neno halina dharau. "Waliosalia" lina udhaifu huo huo. "Waliozidi" laleta kinyume, maana kwetu aliyezidi ni aliyewashinda wenzake. "Watu wa ziada" lafaa kwa maana, lakini ni lugha ya karani, na wimbo huu hauzungumzi kama karani.

Sisi twapendekeza kitenzi "kusaza". Masazo ni chakula walichoacha waliokwisha shiba. Neno hilo lina sahani ndani yake, na mkono wa mlaji, na methali yetu isemayo kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Hata hivyo, yapo maonyo mawili. La kwanza ni la kisarufi. "Sobrar" ni kitenzi kisichohitaji mtendaji mwingine: vitu husalia vyenyewe, bila ya mtu wa kulaumiwa. Kauli yetu ya kutendwa, "kusazwa", yaelekeza kidole kwa aliyesaza. Je, twaongeza lisilokuwamo? Katika neno, ndiyo. Katika wimbo, hapana. Tangu mwanzo hadi mwisho, wimbo unakataa kuamini kwamba vijana wale walisalia kwa bahati mbaya. Unataka kujua nani aliyegawa chakula. Kiswahili kinalisema wazi swali ambalo jina la Kihispania limelificha.

Onyo la pili ni la wakati. Wengi wetu tungeandika upesi "waliosazwa", kwa wakati uliopita, kana kwamba mambo hayo yamekwisha. "Sobran" ni wakati uliopo. Wanasalia leo, watasalia na kesho, maadamu ugawaji ni ule ule. Kwa hiyo twaliandika jina hili "Dansi ya Wanaosazwa". Historia, kama tutakavyoona, iliunga mkono kiambishi hicho kidogo "-na-".

Na jina la santuri? "Pateando" ni umbo la kitenzi linaloonyesha tendo likiwa linaendelea pamoja na jingine. Kiswahili kina "-ki-" kwa kazi hiyo hiyo: waliachwa wakipiga mawe mateke, walirudi wakipiga mawe mateke. Mwalimu anayetafuta mfano wa "-ki-" ya kuendelea, ulio na uhai zaidi ya ile mifano ya vitabuni, atautumia huu.

BAADA YA 1986

Santuri ilinunuliwa sana, na bendi ikazuru nchi jirani. Nyumbani, televisheni ya serikali iliendelea kuwaepuka. Mwaka 1988, walipotangaza kwamba katika kura ya maoni wangepiga kura ya Hapana dhidi ya kuendelea kwa Pinochet, maonyesho yao mengi yalifutwa. Kura ilipigwa tarehe 5 Oktoba 1988, na Hapana ikashinda. Narea aliondoka katika bendi mwaka 1990, utawala wa kiraia uliporudi. Mwaka 2001 wote watatu walipatana tena na kuujaza Uwanja wa Taifa wa Santiago kwa usiku mbili.

Mtu angeweza kudhani kwamba wimbo wa wanaosazwa ungeondoka pamoja na mtawala. Haukuondoka, kwa sababu mpango wa elimu haukuondoka. Tarehe 10 Machi 1990, siku moja kabla ya kukabidhi madaraka, serikali ya kijeshi ilitangaza rasmi sheria kuu ya elimu iliyouimarisha mpango ule ule. Sheria hiyo iliishi kwa karibu miaka ishirini ya demokrasia. Mwaka 2006 wanafunzi wa sekondari, walioitwa "pengwini" kwa sababu ya rangi za sare zao, waliziteka shule zao wakidai ifutwe. Nyingine ikaja mahali pake mwaka 2009. Mwaka 2011 wanafunzi wa vyuo vikuu walijaza barabara wakidai elimu ya bure na yenye ubora. Mwaka 2016 vyuo vilianza kuwasomesha bure wanafunzi wengi wa familia zenye kipato kidogo.

Kisha ukaja mwezi Oktoba 2019. Nauli ya treni za chini ya ardhi za Santiago ilipandishwa kwa peso 30. Wanafunzi wa sekondari ndio walioanza: waliruka vizuizi vya vituo bila ya kulipa, wakiwaita abiria wafanye vivyo hivyo. Tarehe 18 Oktoba mji mzima ulilipuka. Serikali ilitangaza hali ya dharura, ikatoa wanajeshi barabarani, na kwa mara nyingine watu wa Santiago wakaishi chini ya amri ya kutotoka nje usiku. Wananchi walisema kwamba ghadhabu yao haikutokana na peso 30. Ilitokana na miaka 30. Tarehe 25 Oktoba watu zaidi ya milioni moja walikusanyika katikati ya mji.

Katika siku hizo "El baile de los que sobran" uliimbwa viwanjani na mitaani, kwa magitaa, kwa tarumbeta, na kwa sauti tupu kutoka madirishani saa za usiku. Waliokuwa wakiuimba wengi hawakuwa wamezaliwa mwaka 1986. Waliujua neno kwa neno, kama sisi tunavyojua tenzi tulizozikariri tukiwa wadogo. Jorge González, ambaye alikuwa amepatwa na kiharusi mwaka 2015, hakuonyesha fahari. Alieleza kwamba ni jambo la kusikitisha wimbo huo kuwa bado wahitaji kuimbwa.

Maneno hayo yastahili kuzingatiwa. Sisi walimu wa fasihi tumezoea kuwafundisha wanafunzi kwamba kazi bora ni ile inayoishi. Twasema hivyo kwa furaha, kana kwamba kudumu kwa kazi ni ushindi wa mtunzi. Hapa tuna mtunzi ambaye angependa wimbo wake uzeeke. Kuna nyimbo zinazoishi kwa sababu ni nzuri, na kuna zinazoishi kwa sababu jeraha halijapona. Wimbo huu ni wa aina zote mbili, na hilo la pili halimpi mtunzi wake usingizi mzuri.

HITIMISHO

Tumeeleza kwamba "Pateando piedras" ilitungwa na vijana watatu waliokutana darasani, katika nchi ambayo shule ziligawanywa kwa kadiri ya mali. Kwamba walitumia lugha ya kila siku na maswali mahali pa hotuba. Na kwamba wimbo wao mkuu ulidumu kwa sababu malalamiko yake yalidumu.

Twajua kwamba hata miongoni mwetu wapo watakaosema kuwa wimbo wa namna hii utawavunja moyo wanafunzi. Hatukubaliani nao. Kijana wa wimbo hasemi kwamba elimu haina thamani. Angesema hivyo asingelalamika; mtu halilii fungu asilolitaka. Katika kuta za madarasa yetu tumeandika kwamba elimu ni ufunguo wa maisha. Kijana wa San Miguel aliupokea ufunguo, akautunza kwa miaka kumi na miwili, akaufikisha mlangoni akakuta kitasa kimebadilishwa. Kumwambia kwamba hakusoma kwa bidii ni kumdhulumu mara ya pili.

Twashauri basi walimu wa vidato vya juu walijaribu zoezi hili. Andikeni ubaoni maneno matano: waliobaki, waliosalia, waliozidi, wa ziada, wanaosazwa. Waelezeni wanafunzi habari za wimbo huu, kisha waulizeni ni neno lipi lifaalo, na kwa nini. Watajadili sarufi, watajadili kauli ya kutendwa na viambishi vya wakati. Na pengine, kabla ya kengele kulia, mmoja wao atanyosha mkono aulize ni neno gani kati ya hayo litakalomhusu yeye mwakani. Mwalimu asilikimbie swali hilo. Akae nalo pamoja na darasa mpaka kipindi kiishe.